Madam wa Zamu na Mishumaa Mitatu

Madam wa Zamu haji kwenye bethidei. Anaripoti. Mkimwalika saa nane mchana, saa nane kasorobo yupo mlangoni, sweta limefungwa vifungo vyote katika jua lile lile tunaloanikia alizeti, filimbi shingoni, mkoba mweusi kwapani. Hapa Unyambwa kila mtu anamwita hivyo, hata watu wazima wenye ndevu na pikipiki, kwa sababu aliwafundisha wao, akawafundisha na wadogo zao, na angewafundisha mbuzi wao kama mbuzi wangekuwa na sare. Mwalimu wa zamu, mnajua, ni yule anayeshika wiki: anapiga kengele, anakagua kucha, anajua nani kachelewa na nani anadanganya kuhusu kuchelewa kwake. Walimu wengine hushika wiki moja wakapokezana. Yeye alishika akasahau kukabidhi.

Sijui alizaliwa wapi wala sitajifanya najua. Mimi nilimkuta tayari yupo, kama majabali yaliyo nyuma ya kwetu.

Tuanze na shikamoo yake. Ukimpa ile ya haraka haraka, ya kupita nayo kama unamrushia mtu chenji, anasimama katikati ya njia na kusema amesikia nusu. Unarudia. Siku moja nilimsalimia nina ubuyu mdomoni. Alinisubiri niteme kokwe zote, akazitazama pale chini moja moja kama anasahihisha daftari, ndipo akasema marahaba. Kuanzia siku hiyo ananiita Mdomo. Jina langu la ubatizo analijua vizuri, ila anasema halinitoshi.

Neno moja usimtajie: kustaafu. Siku ya kumuaga walimpa godoro, kanga na hotuba tatu, watu wakalia, akapunga mkono. Kesho yake asubuhi alikuwa paredini, amesimama pale pale anaposimama siku zote, anauliza kwa nini kengele imechelewa. Ikabidi mwalimu mkuu amvute pembeni, amweleze taratibu kwamba faili limesema miaka imetimia. Madam akasikiliza, akafunga kifungo cha juu cha sweta, akaondoka. Tangu siku hiyo hakupita tena mbele ya shule. Akitaka kwenda dukani anazunguka njia ya nyuma, kwenye mashine ya kukamua alizeti, mzunguko ambao hata punda anauona mrefu. Nilimtania mara moja kuhusu njia hiyo. Akaongeza mwendo, na mimi siyo mtu wa kuachwa njiani, kwa hiyo sikurudia.

Basi filimbi ikahamia kwenye bethidei.

Kwake sherehe ni kipindi. Kina kuanza na kina kwisha. Kwa jirani yetu mmoja, saa nane ilipofika mwenye bethidei alikuwa bado amekaa kwenye beseni. Madam akapuliza filimbi, tukapanga mstari, tukauimba wimbo wote wa kumpongeza huku tumeuelekea mlango wa bafu. Mtoto akaitikia asante na povu masikioni. Wazazi walikasirika kidogo, ila keki ililiwa saa nane na robo na hakuna aliyelala njaa akimsubiri mtu apakwe mafuta.

Halafu ile ya sungura. Kuna familia ilileta kijana kutoka mjini amevaa vazi la mdoli, kichwa cha sungura kikubwa kama pipa. Watoto wa huku sungura wanamjua, anaingia kwenye sufuria. Huyu alikuwa anatembea kwa miguu miwili na anataka kuwakumbatia. Kufumba na kufumbua ua lilikuwa tupu. Mmoja tulimkuta ndani ya banda la kuku, ameketi jirani na mtetea anayeatamia, wote wawili wametulia. Madam akamwendea sungura.

"Vua kichwa," akamwambia. "Salimia wakubwa. Halafu jitambulishe."

Kijana akavua, jasho linamchuruzika, akasema shikamoo, akataja jina lake, akasema anasoma chuo na kazi hii ni ya likizo. Madam akaitikia marahaba, akamruhusu avae tena. Watoto wakarudi mmoja mmoja, maana sasa walikuwa wanamfahamu. Yule wa banda la kuku ndiye aliyemwonyesha kwamba sikio lake limekaa upande.

Msidhani ni mtu aliyenyooka kama rula. Pipi amezipiga marufuku kwenye sherehe zote, anasema zinaoza meno na akili. Lakini mtoto akianza kulia, Madam humwita kwa sauti ya kutisha, "Wewe, njoo hapa," wanakwenda nyuma ya nyumba, na mtoto akirudi shavu moja limevimba. Mfuko wa kushoto wa sweta lile ni duka. Mimi ananiambia kila wiki kwamba utani hauna alama kwenye mtihani wa taifa, halafu nikamsikia kwenye mazoezi ya kwaya anawachekesha akina mama kwa utani wangu, neno kwa neno, bila hata kunitaja.

Sasa tufike kwa mdogo wangu Baraka, maana bila yeye haya yote ni vichekesho tu.

Baraka amezaliwa mwezi wa kumi, wakati upepo wetu unavuma kama unadaiwa. Alipotimiza miaka mitano tulimfanyia sherehe uani, Madam akiwa zamu. Mama alioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ikatoka nzuri kabisa. Tatizo mishumaa. Unawasha wa kwanza, ukifika wa tatu wa kwanza umezimika. Tulimaliza njiti nusu kiberiti. Mwishowe ikawaka yote mitano kwa pamoja, Baraka akavuta pumzi, na kabla hajapuliza upepo ukapita ukaizima yote, fyuu. Watu wakapiga makofi kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Baraka hakupiga. Jioni Mama alipomwita "mtoto wangu wa miaka mitano", akakataa.

"Sikuzima mimi. Umezima upepo. Upepo ndio umefika mitano."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani litapita.

Mwaka uliofuata Madam alikuja na mkakati. Meza iliwekwa upande wa nyumba usiofikiwa na upepo, na yale mapambo ya sukari akayakataa, akasema jua litayayeyusha. Badala yake akaipaka keki asali. Asali ya kwetu ipo, sukari ya rangi ya nini? Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha mchungaji. Ila ilikuwa kiangazi, hakuna ua hata moja lililobaki porini, na kila nyuki wa tarafa hii alikuwa na njaa. Mishumaa ikawashwa, ikasimama wima, haitikisiki. Akaja nyuki mmoja. Madam akampunga, akatuambia tutulie, ni mmoja tu. Kumbe yule alikuja kukagua. Wa pili alikuja na ukoo.

Sitaeleza nani alikimbilia wapi, tuna heshima zetu. Nitasema tu kwamba Madam ndiye aliyetangulia kuingia ndani, na kiatu chake kimoja kilibaki uani mpaka Jumatatu. Ukimuuliza leo atakwambia alikuwa anaongoza msafara. Sisi wengine tukachungulia dirishani: keki imekuwa nyeusi inatembea, na juu yake mishumaa sita inaungua yenyewe polepole mpaka ikaisha. Baraka alikuwa ameegemeza pua kwenye kioo.

"Na sita wamefika nyuki," akasema.

Kwa hiyo yeye akabaki na miaka minne.

Ilikuwa kichekesho cha mtaa mpaka mwaka jana, mwezi wa tisa, Mama alipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu wa kuandikisha akamuuliza umri. Baraka, mrefu kama mlingoti, meno mawili ya mbele yameshang'oka, akajibu minne. Mama akatoa kadi ya kliniki. Mwalimu akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akamuuliza tena. Minne. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema umri mtoto ataulizwa na kila mwalimu na kila mwenzake, na akiendelea hivi darasani watamchezea mpaka achukie shule. Bora akae chekechea mwaka mwingine akomae. Akaandika jina lake kwa penseli. Akasema siku ya kufungua shule akija na jibu lake mwenyewe, ataliandika kwa kalamu.

Njia nzima Mama alimbembeleza. Sema saba tu, mwanangu, mwezi ujao unatimiza saba. Mimi nilikuwa nyuma yao na utani wangu tayari mdomoni, ndipo Baraka akasimama akauliza, "Mama, unataka nikadanganye shuleni?" Nikaumeza. Marafiki zake wote walikuwa wameandikwa kwa kalamu. Alitaka kwenda nao kuliko kitu chochote, usiku alikuwa analala na begi jipya. Ila alikuwa hawezi kuudai mwaka ambao, kwa hesabu yake, umechukuliwa na nyuki.

Nikaenda kumweleza Madam. Nilimkuta anapepeta alizeti, nikaisimulia kwa mbwembwe zote, nikisubiri acheke. Akaweka ungo chini.

"Mtoto yuko sahihi," akasema. "Zamu zote mbili zilikuwa zangu, na zote mbili ziliharibika mkononi mwangu. Kamlete."

Sijawahi kumsikia akisema kitu kimeharibika mkononi mwake. Nilikimbia.

Walikaa wawili barazani kama wazee wa baraza la kata. Baraka akaweka masharti. Hawezi kuruka kutoka minne hadi saba, kwani nani anatoka darasa la nne akaingia la saba? Madam akakubali hoja. Wakapatana mishumaa mitatu: wa tano, wa sita, wa saba, inazimwa mmoja mmoja, na pumzi ya Baraka peke yake. Ikiingia pumzi nyingine, hata ya kuku, haihesabiki. Wakapeana mikono.

Uani hapafai, hilo lilieleweka. Madam akamwambia Mama aombe ukumbi wa watoto pale kanisani. Mwezi wa kumi ulipoingia Mama akaandika kikaratasi kuomba ukumbi, Jumamosi saa nane, bethidei ya Baraka, akamkabidhi mzee wa kanisa. Alitarajia kiende ofisini. Mzee akakiweka kwenye matangazo. Na huku kwetu mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele za watu akataja sherehe bila kuwakaribisha, ni kama kumwambia mgeni tunakula halafu ufunge mlango. Kwa hiyo Jumapili, baada ya tangazo la mazishi na la choo kipya, akasoma kwa sauti yake nzuri kwamba Mama Baraka anawakaribisha watoto wote, na akaongeza, kwa wema wake mwenyewe, wa dini zote. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatafuta kitu chini ya benchi, na hapakuwa na kitu.

Tulikuwa na keki ya watoto kumi na tano.

Jumamosi asubuhi Madam aliingia ukumbini na kiberiti. Akawasha njiti, akatembea nayo taratibu ukutani kote, na kila mahali moto ulipoinama alisimama, akanionyesha kidole, nami nikaziba kwa gunia. Dirisha moja halikuwa na kioo kabisa. Hilo tulilikomea gunia la mashudu. Saa saba watoto wakaanza kuingia. Wa kwetu, wa Sunday school, wa madrasa wakiwa na kofia zao, wa mitaa ambayo hata sikujua ina watoto. Nilihesabu mpaka mia na ishirini, kisha mmoja akahama mstari nikapoteza hesabu. Mama akasema tuahirishe. Madam akamtazama kama amesema tusali uchi.

"Mama Baraka, nimelisha shule nzima uji kwa mwiko mmoja. Kaa."

Filimbi. Mistari kumi, wafupi mbele. Mikono juu, kucha zikakaguliwa, wenye uchafu wakaenda bombani na kurudi mbio. Wakubwa wakatumwa kwenda kuwachukulia wote vikombe majumbani, na nje sufuria la uji likabandikwa, mtu akaleta unga, mwingine karanga, na Madam mwenyewe akatoa asali kwenye mkoba, akaimimina kwenye uji na kufunika haraka huku akitazama angani. Keki akaikata kwa uzi wa kushonea, ameushika ncha mbili na kuupitisha kama anapima kitambaa, vipande vidogo kama domino, vyote sawasawa. Akabakiza kipande kimoja cha katikati, akasimika mishumaa mitatu.

Hapo ndipo nilipoona hatari. Watoto wote wale, na hakuna mtoto duniani anayeona mshumaa wa mwenzake asipulize. Nikamnong'oneza Madam. Alikuwa ameshafikiria.

"Watoto wote," akasema, "vuta pumzi. Shikilia. Hakuna kuachia mpaka niseme achia."

Mungu wangu. Mashavu zaidi ya mia yakavimba kwa pamoja. Ukumbi ukawa kimya hadi nikasikia nta inadondoka. Baraka akasogea. Wa tano ukazimika mara moja. Achia, vuta, shikilia. Wa sita ulimsumbua, maana pumzi ilikuwa inapotelea kwenye pengo la meno na kutoka na mate, lakini ukazimika. Achia, vuta, shikilia. Akajiandaa kwa wa saba, na gunia la dirishani likadondoka.

Upepo ukaingia kama mtu aliyealikwa. Mwali ukalala. Madam hakupiga kelele. Alifungua vifungo vya sweta, vyote, kitu ambacho hakuna mtu wa Unyambwa amewahi kukiona, akajiweka kati ya dirisha na mshumaa, akalitandaza sweta kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga. Pipi zikamwagika sakafuni. Hakuna mtoto aliyeinama. Wote walikuwa wamevimba, macho yametoka, ya baadhi yao tayari yamekuwa mekundu. Mwali ukainuka nusu. Baraka akapuliza.

Moshi.

Nani kazima? Mimi sikuona, na nilikuwa karibu kuliko wote. Madam hakugeuka, mikono yake bado imetanda. Mwamuzi alikuwa mmoja tu. Baraka akautazama utambi, akalitazama dirisha, akalitazama sweta. Najua mdogo wangu. Kama angekuwa na shaka hata kidogo, angesema.

"Nimezima mimi," akasema. "Upepo umechelewa."

"Achia," akasema Madam.

Pumzi zote zile zilitoka kwa mara moja. Vitambaa vya meza vikaruka, kofia ya mtu ikahama kichwa, na kelele iliyofuata, wanasema waliisikia mpaka kwenye mashine ya alizeti. Watoto walimbeba Baraka, wakambeba na mzee wa kanisa aliyekuja tu kuchukua funguo. Uji ulitosha. Keki ilitosha, ikabaki domino moja, na Madam akaiingiza kinywani haraka kama anaficha ushahidi. Mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu na vifungo viko wazi, na hakuvifunga mpaka tulipomaliza kufagia.

Shule ilipofunguliwa, Baraka aliulizwa umri getini. Alijibu saba kabla swali halijaisha. Mwalimu akatoa kalamu.

Mara ya mwisho nimemwona Madam ni wiki iliyopita. Nilikuwa napita kwenda sekondari, nimechelewa, tusijadili, nikasikia filimbi kutoka shule ya msingi. Ile filimbi naijua. Nikaenda mpaka kwenye uzio. Darasa la kwanza mwaka huu ni wengi na mwalimu wao ni mmoja, binti mdogo aliyeshindwa kuwapanga wiki nzima, na mwalimu mkuu alikuwa ameusikia mkasa wa ukumbini kama kila mtu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake kumwomba awe anakuja asubuhi kusaidia. Na Madam hakuzunguka njia ya mashine. Alipita mbele, getini.

Alikuwa amesimama mahali pake. Baraka alikuwa mstari wa kwanza, kucha nje, anajiona mkubwa. Sasa mimi ni mimi, ningefanyaje?

"Shikamoo Madam. Si ulistaafu?"

Akaja taratibu mpaka kwenye uzio. Nikajua leo nimekwisha.

"Marahaba," akasema. "Lilistaafu faili, Mdomo. Mshumaa wangu mimi sijapuliza."

Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza. Mistari ikanyooka yote. Na mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nje ya uzio, nimechelewa kwenye shule nyingine kabisa, nikaweka begi chini, nikabana miguu, nikanyoosha mikono mbele akague kucha.